Nusu ya Muzee Paluku na Jua ya Beni

Ile siku ku Beni tulikuwa batu sita, na nitabataja bote mbele ya kuendelea. Mimi Kahindo, mama ya batoto saba, fundi wa rele za umeme mu atelier, ile nyumba ya kazi, ya Mususa, hapa Butembo. Kambale, fundi mwenzangu, muzaliwa wa Musienene, mwenye kuwa na diplome ya électricité. Mimi niliachia masomo mu tatu primaire. Hadji Salumu, mwenye nyumba na mwenye malori. Mama Zaituni, mama yake mwenye kumuzaa, mwenye miguu haikukuwa inamubeba tena. Idi na Ramazani, bachauffeur ba Hadji. Idi alioa dada ya Ramazani. Muzee Paluku, mwenye alinifundisha kazi, alikuwa amekufa zamani. Lakini namuhesabia wa saba, na mutaona sababu gani.

Mulio baki mu atelier mulinisema niandike kazi yangu, ju sasa nimetoka kazini. Naandika pole pole. Mambo ya nani alipanda cheo, nani alilipwa ngapi, hiyo muulize batu ya bureau. Mimi nitasema ginsi nilianza, na kitu moja yenye nilikosa.

Nilianza na maharagi. Siku ya soko nilikuwa natelemuka na kitunga kutoka Musienene, nakaa mbele ya mulango ya atelier ya Muzee Paluku, nachagua maharagi mabaya na kutupa. Muzee aliniangalia siku nyingi bila kununua. Siku moja akanisema:

—Mama Kahindo, hizo vidole zako zinaona. Njoo unichagulie visi.

—Visi njo nini?

—Ni maharagi ya chuma, ya kukazia visanduku. Tofauti, haziivi.

Nikaingia. Nilichagua visi zake mpaka saa sita, halafu akanipa rele ya kwanza. Ilitoka mu régulateur, kile kisanduku chenye batu banawekaka mbele ya televizio ili courant, ule umeme, ya kurukaruka isiiue. Rele ni kadude kadogo, kanaenea mu kiganja ya mutoto, na kakifanya kazi kanasema tak. Muzee alifungua kifuniko chake na kisu. Akanionyesha ndani: bobine ya waya myembamba, na juu yake punje mbili za chuma, ndogo sawa punje ya mutama, zenye zinagusana na kuachana.

—Hii bobine ni mulinzi wa mulango, alisema. Courant kidogo inamuita mulinzi, mulinzi anafungulia courant mukubwa. Na hizi punje njo kinywa. Kila mara kinywa inafunguka, moto kidogo inaruka pale katikati. Angalia sasa: kinywa imekula moto mingi.

Na kweli, punje moja ilikuwa na shimo, ingine na kidonda. Alinipa kipande cha karatasi ngumu, nikaipitisha katikati ya zile punje, kwenda na kurudi, mpaka karatasi ikaacha kutoka na weusi. Hakukubali mutu atumie papier émeri, ile msasa, pale. Alisema inakula punje mbio kuliko moto. Kile kipande cha karatasi njo chombo changu cha kwanza, na mpaka leo kiko mu mufuko ya kikwembe yangu ya kujifunga.

Muzee alikuwa na sheria tatu, na mulizikuta pale, lakini hamujue zilitoka wapi.

Ya kwanza ni nusu. Ku kila rele kunaandikwa namba: ampere kumi, volti mia mbili na makumi tano. Muzee alikuwa anasema: «Batu ya usine, benye banatengeneza rele, banaandika yenye rele inaweza siku ya ndoa. Mimi nataka yenye inaweza siku ya kulima.» Donc, maana yake, namba ya kumi kwake ilikuwa tano. Ya tano ilikuwa mbili na kitu. Mafundi bengine ba Butembo balikuwa banatucheka. «Mafundi ba nusu», balituita vile hata mu kanisa. Halafu vitu vyao vinaungua, na wenyewe banatuletea.

Ya pili ni kusema «weka». Hakuna fundi anafunga kisanduku mbele mukubwa wa kazi hajaangalia ndani na kusema ile neno. Akisema, kazi imekuwa yake.

Ya tatu ni kopo. Ilikuwa kopo ya maziwa ya unga, kubwa, na ndani yake rele zote zenye zilikufa mu mikono yetu. Si zile zenye zilikuja zimekufa, hapana. Ni zile zenye sisi tuliweka na zikaungua. Kila moja imefungwa na uzi na karatasi yenye jina ya fundi wake. Ile siku ya kwanza nilihesabu kumi na moja, na zote kumi na moja ziliandikwa Paluku.

—Muzee, si ni haya kuonyesha makosa mbele ya baclients?

—Haya ni kutupa mu pubelle ya takataka. Yenye unatupa, utarudia.

Ju mimi kuandika kulinichelewesha, alinisema zangu zifungwe tu na uzi mwekundu, ule wa kushonea magunia ya maharagi. Donc mu kopo, uzi mwekundu ni Kahindo. Kwa miaka yangu yote ziko tisa. Nawajua bote benye zile rele zilibaangusha: Mama Kyakimwa na pasi yake, Katembo ule kinyozi, na bengine. Sitabamaliza hapa, karatasi ni kidogo.

Halafu simu zikaingia mu kazi. Kambale alifika na diplome yake na plaque moja ya kijani, kibao kidogo chenye rele nne za bleu zimepangwa sawa sabuni mu duka. Ukifinya simu, tak, taa inawaka mu chumba ingine. Muzee Paluku wakati ule macho yake yalikuwa yanakwisha, akaipapasa na vidole, akacheka: «Nyumba imekuwa na akili, lakini kinywa ni ile ile.»

Kazi ya kwanza ya ile plaque ilikuwa pompe ya maji ya Mama Katungu, hapa hapa Mususa. Tanki ikipunguka, rele inawasha pompe. Tanki ikijaa, inazima. Kambale alipima: pompe inakunywa ampere ine na kitu. Rele iko ya kumi, nusu ni tano, tuko chini. Muzee alikuwa mugonjwa siku ile, mimi sikukuwepo, Kambale akafunga mwenyewe bila «weka». Siku ine, muzuri kabisa. Siku ya tano Mama Katungu alianika maharagi mu parcelle, mbele ya nyumba yake, akaenda kanisani. Tanki ikajaa, rele ikaambiwa kuachia, ikakatala. Zile punje zilikuwa zimeyeyuka na kushikana. Maji ikamwangika juu ya maharagi tangu misa ya kwanza mpaka ya pili.

Kisha siku tatu alikuja na kitunga, akakiweka juu ya meza ya Kambale. Maharagi yote yametoa mizizi.

—Ingénieur, nilikuomba maji ya kunywa. Haukunisema kama utanilimia na shamba.

—Mama Katungu, unisamehe.

—Sikukuja kusamehe, nilikuja kuleta chakula. Kuleni.

Na tulikula. Muzee Paluku akiwa anatafuna, alieleza. Moteur ikisha kutembea inakunywa kidogo, lakini wakati wa kuamka ina njaa: inavuta mara tano, mara sita. Ile mara moja tu njo inachoma kinywa. Kwa moteur, hapana nusu. Ni nusu ya nusu, na ikipita pale, weka contacteur, ile rele kubwa yenye kinywa pana, na acha rele ya simu imuamurishe contacteur tu. Hata taa ndogo za kisasa ziko vile: moja haina shida, lakini makumi mbili pamoja juu ya rele moja, mara ya kwanza ya kuwaka zinauma sawa moteur. Kambale aliandika jina lake, akafunga uzi, akatia mu kopo. Tangu ile siku hakufunga kisanduku bila «weka» hata mara moja. Hiyo muishike, ju itarudi mbele.

Muzee Paluku akafa mu kitanda chake. Mafundi bakaniambia: Mama, sasa wewe njo unasema «weka». Mimi wa tatu primaire, nawasemea benye diplome. Lakini alama zenye kuandikwa ku rele nilizijua. Kiwimbi kidogo ni courant ya barrage ya mutoni na ya groupe ya mafuta; mustari mulalo wenye vidoti chini ni ya batterie na ya jua.

Hadji Salumu alitufikia kupitia Idi. Alikuwa amemaliza nyumba yake ku Beni, na panneaux ine za jua, zile vioo zenye kugeuza jua kuwa courant, juu ya mabati. Alitaka taa, pompe, mulango ya parcelle, vyote kwa simu. Na kitu moja zaidi: radi. Mama Zaituni alikuwa anaogopa radi ipite ku panneaux iingie mu nyumba, na Hadji alikuwa saa zote mu barabara na malori yake. Alitaka, mvua ikija, akiwa hata Kasindi ku mupaka, afinye simu na panneaux zikatwe. Na kama kazi inaenda muzuri, alimuahidi Kambale chumba mbele ya barabara, ili afungue atelier yake ku Beni. Kambale alikuwa amengojea kitu kama hiyo miaka. Muke yake alishaanza kufunga vyombo.

Tulitelemuka Beni. Kule joto, mimi mutu wa mulima nikawa nachuruzika sawa nyama ku moto. Kazi ya pompe tulifanya na contacteur, muzuri. Ikabaki panneaux. Kambale alipima: zimefungwa moja nyuma ya ingine, zinatoa volti mia moja na makumi mbili. Akapanda ngazi na plaque, kisanduku kilikuwa mu plafond, ile dari ya mbao, ya couloir ya vyumba, karibu na mulango ya Mama Zaituni. Akaniita niangalie.

—Mama, iko mia mbili makumi tano. Nusu ya Muzee ni mia moja makumi mbili na tano. Sisi tuko chini.

Nikavaa lunettes za macho. Niliona mia mbili makumi tano na kiwimbi. Chini yake niliona mustari wa pili, mudogo: makumi tatu, na ule mulalo wenye vidoti. Sitasema sikuuona. Niliuona. Nikazani ni habari ya bobine, ya mulinzi, si ya kinywa. Na ile nusu ilikuwa imetosha muzuri sana, kwa volti tano tu, sawa Muzee mwenyewe ameipima.

Nikasema: «Weka.»

Saa saba, jua katikati. Hadji alisimama mu parcelle na simu yake, batu bakamuzunguka. Mama Zaituni alikuwa mu chumba yake, ku kiti, mulango wazi ili aone.

—Bismillah, Hadji akasema, akafinya.

Tak. Halafu, badala ya kunyamaza, tukasikia shiiiii, sawa mafuta mu kikaango. Mwangaza ya bleu ikatoka ku plafond. Kambale akakimbia, akakata disjoncteur mukubwa, ile ya kuzima courant ya nyumba yote. Haikubadilisha kitu, ju ile courant haikukuwa inapitia pale. Plastiki ikaanza kutona moto juu ya ciment, mbele kabisa ya mulango ya Mama Zaituni. Pale njo nilisikia Muzee Paluku mu kichwa. Siku moja alikuwa anatengeneza batterie ya lori, akaniambia: «Courant ya barrage inapumuzika mara nyingi mu kila seconde, na ikipumuzika ule moto wa kinywa unakufa. Ya batterie haipumuzikake. Ikishika, imeshika.» Aliniambia mara moja, na mimi nikaiweka mbali, ju kwetu Musienene jua ilikuwa ya kukausha maharagi tu.

Na jua haina bouton ya kuzima. Nikapiga kelele:

—Idi! Bâche ya lori! Mufunike panneaux!

Idi na Ramazani balipanda mabati na bâche, ile turubai ya lori, bakaikokota, bakafunika. Shiiiii ikakatika, sawa mutu ameziba kinywa na mukono. Lakini mbao za plafond zilikuwa zimeshika moto. Hadji na Kambale walikuwa wameingia wakati vitone bado vinaanguka, bakambeba Mama Zaituni na kiti yake, bakapita nayo chini ya ile moto. Kambale alimuinamia ili mugongo yake ipokee. Kitone kimoja kilimuchoma mukono, alama iko. Tulimaliza moto na muchanga.

Mama Zaituni alikuwa muzima. Plafond ilikuwa na shimo, ukuta mweusi. Hadji akageuka.

—Kambale. Ulitaka kuniulia mama ndani ya nyumba yake?

Kambale akaniangalia. Mara moja tu, kidogo sana. Halafu akaangalia chini.

—Ni kosa yangu, Hadji.

—Ile chumba, sahau. Na mu Beni hii usiguse hata taa ya mutu. Nitasema kwa kila mufanya biashara mwenye ananijua.

Mimi nilikuwa pale, lunettes ku mukono. Kambale hangeweza kusema mbele ya batu «mama huyu njo alisema weka», hakulelewa vile. Alikuwa anangojea mimi niseme. Na mimi nilinyamaza. Nilijiambia kama nimechoka, kama moshi umenikaba. Haikukuwa moshi.

Idi alituregesha Butembo na lori ile ile. Njiani alijaribu kutuchekesha:

—Mama, leo umezima jua na bâche. Kesho uzime mvua, barabara ikauke.

Tulipopanda mulima baridi ikaingia, na Kambale akavua veste yake akanifunika magoti. Ile veste ilinichoma kuliko plastiki.

Asubui yake tulifungua rele juu ya meza. Hakukukuwa kinywa tena: punje zimekuwa tone moja, na kando zimeliwa mpaka ku bobine. Kambale akachukua karatasi, akaandika KAMBALE, akafunga, akatia mu kopo. Nikaona ile karatasi juu ya zingine, nyeupe. Siku tatu nilikuja kazini, na kila mara nikichukua kitu ku étagère ya ukuta, ile kopo inaniangalia.

Siku ya ine nikaitoa. Nikakata uzi wake na meno, meno machache yenye yamebaki, nikafunga mwekundu.

—Mama, hapana, Kambale akasema. Batu batasema nini? Wewe uko muzee.

—Ju niko muzee njo nilisema weka.

—Mimi njo nilihesabu ile nusu.

—Wewe ulihesabu. Mimi niliona mustari wa pili: kwa jua, kinywa ni ya volti makumi tatu tu.

Hakujua ile. Akakaa chini. Akauliza: «Uliuona?» Nikamujibu ndiyo. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali.

Nikatelemuka Beni bila Kambale, mu lori ya Idi, rele mu kikwembe. Hadji alinipokea ku mulango, hakunialika kukaa. Nikaitoa, nikamuonyesha, nikamueleza yote: sheria ya «weka», mustari wa pili, na ginsi nilinyamaza. Akageuza ile rele mu vidole.

—Mama, sababu gani haukusema ile siku?

—Niliogopa jina yangu.

—Na jina ya Kambale?

Pale sauti ya Mama Zaituni ikatoka ndani:

—Ni nani huyo? Ni ule muzee wa lunettes? Aingie! Kumbe ni wewe, mwenzangu, ulitaka kunitanguliza ku kaburi?

—Ni mimi, mama.

—Basi kaa. Meno hauna, miguu sina, tukichanganyika tutapata mutu mumoja. Salumu! Ule kijana alipitisha mugongo yake juu yangu. Huyu amepanda lori na magoti yake ya uzee kuja kusema. Wewe unangojea nani tena, malaika?

Hadji hakujibu ile siku. Kweli ni vile, sitaongeza sukari. Aliniambia tu vitu vyote vya simu vitoke mu nyumba yake, na mimi nikakubali. Miezi ikapita. Halafu akamuita Kambale arudishe taa na pompe. Kwa panneaux bakaweka disjoncteur ya mukono yenye imetengenezwa kwa ajili ya courant ya jua, na ule mulalo wenye vidoti umeandikwa mukubwa na volti zenye zinapita zetu mbali. Simu haigusi pale. Mvua ikija, Mama Zaituni anaita mutu akate. Anasema inamupa kazi. Na ile chumba ya mbele ya barabara, Kambale iko ndani leo. «Weka» ya Beni anasema yeye.

Mimi nilitoka kazini mwisho wa ile mwaka. Si kwa kuona haya. Macho yenyewe yalisema basi.

Mulio baki: nusu ya Muzee Paluku muishike, lakini mujue ni ya courant yenye inapumuzika. Kwa jua na batterie, usigawe kitu. Soma mustari wa pili, na kama haupo, rele hiyo hapana yako. Na mukubwa akisema «weka», mumuulize ameona nini.

Miaka imekuwa mingi, na inawezekana nimebadilisha kitu. Pengine panneaux zilikuwa tano. Pengine ni Ramazani alioa dada ya Idi. Pengine maharagi ya Mama Katungu yalilala siku mbili, si tatu. Mwenye alikuwepo anisahihishe, sitakasirika. Anaweza kuandika hapa chini, nafasi nimeacha. Lakini mukifungua kopo, mukute ile rele yenye kuliwa mpaka ku bobine, na mutu awaambie ilikuwa ya Kambale, musikubali. Angalieni uzi.